Shajara ya mradi: ramani ya kiwanja kando ya mto Nyamwamba, Kasese

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tumeanza rasmi leo. Kuna tambarare ya hekta 40 hivi chini ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, kati ya barabara na mto Nyamwamba, ambayo wenye mradi wanataka kuigawa iwe viwanja vya makazi, soko na kituo cha magari. Kabla mchoro wa mipango haujafika mbele ya kamati, lazima iwepo ramani ya msingi: mipaka, miinuko, njia, nyumba zilizopo, makaburi, maji, na sehemu zisizoruhusiwa kujengwa. Hiyo ndiyo kazi yetu, na tumepewa wiki sita.

Tuko watatu. Mimi nashika kompyuta. Mwenzangu ni mpimaji ardhi aliyefanya kazi pande za Mpondwe, mpakani na Kongo, kwa miaka mingi. Wa tatu ni kijana wa mtaa huohuo, anayejua kila njia ya miguu na anayeweza kukaa na wazee akawasikiliza kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji. Sisi wenyewe tunaongea Kiswahili, kama familia nyingi za hapa zilizoletwa na machimbo ya shaba ya Kilembe au na biashara ya mpakani. Tunatumia QGIS, programu ya kuchora ramani, kwenye laptopu mbili, na QField, mwenzake wa kukusanyia alama, kwenye simu za kwendea shambani. Zote ni programu huria. Mtaa ukizitaka faili zetu baadaye, utazifungua bila kulipia leseni wala kumwomba mtu.

Tulichokabidhiwa: hati ya zamani ya upimaji iliyopigwa picha kwa simu, faili moja yenye mstari wa mto, na agizo fupi: "Wekeni mita 30 kutoka mtoni, kinachobaki kigawanywe."

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima imeishia kwenye mawe ya mpaka. Mpimaji alinisomea majiranukta, yaani namba za mahali, ya mawe saba kutoka kwenye hati, nikayaandika kwenye jedwali na kulipandisha kwenye QGIS. Poligoni, yaani mchoro wa mpaka wa kiwanja, ikatokea, umbo lake sahihi kabisa, lakini imelala juu ya mapaa ya nyumba za watu: imepanda kaskazini karibu mita 300 na kusogea magharibi mita 80 hivi.

Aliyepima zamani hakukosea. Hati za miaka ile zilipimwa kwa datumu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960, iliyojengwa juu ya elipsoidi, yaani umbo la dunia la kihesabu, ya Clarke ya 1880. Simu zetu na setilaiti zinatumia datumu nyingine, WGS 84. Namba ileile, ukiisoma kwa datumu mbili, inaangukia mahali pawili. Na ukiidanganya programu kwamba namba za Arc ni za WGS, haikukatalii. Inachora tu, na mchoro unapendeza. Nililipatia tabaka hilo la mawe msimbo wa mfumo wake halisi wa majiranukta, EPSG:21096, kisha nikalihamishia kwenye EPSG:32636 ambao ndio mfumo wa mradi mzima. Poligoni ikateleza kuelekea kusini-mashariki, ikatulia kati ya barabara na mto.

Naliandika hili kwa urefu kwa ajili ya kijana wetu, na kwa yeyote atakayejifunzia hapa. Mita 300 za mtaani ni kaya za watu. Nimewahi kuona majirani wawili wakivutana miaka kwa miaka, kila mmoja ana hati ya kweli mkononi, na tofauti yote ilikuwa datumu.

Jambo jingine la hapa kwetu: Kasese iko pembezoni kabisa mwa ukanda wa 36 wa UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi sita sita. Longitudo ya nyuzi 30, mpaka wa ukanda wa 35 na wa 36, inapita magharibi kidogo tu ya mji, na ikweta iko kusini, karibu na Kikorongo, kwa hiyo wilaya moja inaguswa na kanda nne: 35 na 36, kaskazini na kusini. Faili ya mto tuliyopewa ilitengenezwa katika ukanda wa 35, ndiyo maana namba zake za mashariki (mita kuelekea mashariki ndani ya ukanda) zilisoma 843,000 hivi wakati zetu zinasoma 175,000. QGIS iliipanga yenyewe, kwa sababu aliyeitengeneza aliiacha na maelezo ya mfumo wake. Popote alipo, namshukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Mpimaji amefunga Ramadhani, kwa hiyo tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili turudi kabla jua halijakolea. Mawe matano kati ya saba tumeyaona, moja limemezwa na kichuguu. Mawili ya upande wa mtoni hayapo. Tulizunguka na simu mpaka kijana akaenda kumwuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo yake.

"Hayo yaliondoka na maji, mwanangu," alisema. "Hata shamba lililokuwa karibu nayo liliondoka. Lilikuwa langu."

Jumanne, 11 Machi

Swali la ukubwa. QGIS ina majibu mawili kwa poligoni moja: eneo linalopimwa juu ya bapa la UTM, na eneo linalopimwa juu ya elipsoidi. Kwetu yanatofautiana kwa mita za mraba 700 na ushei. Katikati ya ukanda wa UTM urefu hupunguzwa kidogo, na pembeni huongezeka. Hapa tulipo, kila kilomita inasomeka karibu sentimita 90 zaidi. Katika hekta 40, tofauti hiyo ni kama kiwanja kimoja na nusu cha futi 50 kwa 100, na mtu angeweza kuuziwa kiwanja kisichokuwepo. Tumekubaliana: maeneo yote yatapimwa kwa elipsoidi, na jambo hilo litaandikwa chini ya ramani.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeuweka mstari wa mto tuliopewa juu ya picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ya kiangazi, mawingu ya Rwenzori yakiwa yamejitenga. Havilingani. Mstari unapita kwenye nyasi na vichaka, mbali na eneo letu, na maji yenyewe yako karibu zaidi, mahali pengine kwa mita mia na kitu. Nikaipandisha ramani ya zamani ya skeli ya 1:50,000 iliyochapwa Entebbe: mstari wa faili unaifuata ramani hiyo kona kwa kona. Kwa hiyo tulichopewa ni mto wa enzi ya ramani ile.

Nikaanza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Sentinel-2 ina pikseli, yaani vidoa vya picha, za mita 10 na picha zake zinaanzia 2015. Kabla ya hapo ni setilaiti za Landsat, zenye pikseli za mita 30. Kwenye picha kama hizo ukanda wa kinga wa mita 30 ni pikseli moja tu, na mtu anayechora mpaka wa kisheria kwa picha ya namna hiyo ajue anashika nini. Nilitumia NDVI, kipimo cha ukijani: mimea hai hurudisha mwanga mwingi wa infraredi ya karibu, usioonekana kwa macho, na kufyonza ule mwekundu, changarawe haifanyi hivyo. Ukilinganisha picha za kabla na baada ya Mei 2020, mahali palipokwanguliwa na mafuriko panajitokeza kama kovu. Kovu hilo linaingia ndani ya kiwanja chetu.

Wakazi hawahitaji setilaiti kuambiwa. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulishuka na magogo na mawe makubwa kama magari, ukabomoa nyumba na madaraja na kuingia hospitali ya Kilembe. Mwaka mmoja kabla, moto ulikuwa umeunguza uoto wa juu mlimani, na ardhi tupu haikuweza kuishika mvua. Mto ulifurika tena 2014. Mei 2020 ukarudi pamoja na wenzake wa wilaya hii, Mubuku, Nyamughasani na Lhubiriha.

Sasa nimefungua kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Mito iliyotajwa katika jedwali lake ina ukanda wa kinga wa mita 100, mingine mita 30. Lakini neno lenye uzito ni pale mita hizo zinapoanzia: alama ya juu kabisa ya maji. Agizo letu lilisema "kutoka mtoni". Kwa mto unaohama, hizo ni ramani mbili tofauti kabisa, na kwenye moja yao watoto wa watu watalala juu ya kitanda cha mto.

Jumatano, 19 Machi, hadi Jumamosi, 22 Machi

Siku nne za kutembea. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, alituitia wazee chini ya mwembe, tukaeleza tunachotafuta, na baada ya hapo kila mmoja alitupeleka kwenye alama zake. Hizi ndizo siku nilizojifunza zaidi tangu nianze kazi hii.

Mzee mmoja alifanya kazi machimboni Kilembe mpaka uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulimsalimu, akatupa viti, nikamwuliza moja kwa moja: "Mzee wangu, mwaka 2020 maji yalifika wapi?"

Akanitazama. "Anza na 2013, mwanangu. Ya 2020 yalikuta njia imeshafunguliwa."

Akatuonyesha njia yenyewe: bonde la kina kidogo lililojaa majani marefu, katikati ya kiwanja, ambalo kwenye picha nililiona nikadhani ni mpaka wa mashamba. Alisema babake aliwakataza kujenga hapo hata choo. Wageni waliokuja baadaye hawakukatazwa na mtu.

Alama ni za aina nyingi. Mstari wa matope kwenye ukuta wa stoo, uliopakwa chokaa mara mbili na bado unaonekana. Nyasi kavu na kipande cha bati vilivyonasa kwenye panda la mti. Jiwe ambalo vijana wanne hawalisukumi, katikati ya shamba la pamba. Na kwenye shimo la choo lililokuwa likichimbwa, tabaka la mchanga wa kijivu wenye kutu, unene wa kiganja, chini ya udongo mweusi. Mpimaji aliutambua mara moja: Nyamwamba unakula malundo ya mabaki ya shaba yaliyoachwa na machimbo huko Kilembe, ukayabeba mpaka huku chini. Nimeongeza safu kwenye fomu ya QField kwa ajili ya mchanga huo, na kwenye ripoti nitaomba udongo upimwe kabla mtu hajapanda hata mchicha wa nyuma ya nyumba.

Fomu ina mwaka wa tukio, aina ya ushahidi, kimo cha alama kutoka ardhini, na namba ya aliyetueleza, bila jina. Simu inakosea mita tatu hadi tano mahali pa wazi, na zaidi chini ya miembe, kwa hiyo kila alama tuliisimamia mpaka namba zitulie. Tulipanga kanuni yetu: alama inahesabika kuwa thabiti ikiwa watu wawili wameisema kila mmoja kwa wakati wake, au mtu mmoja akiwa na ushahidi wa kuonekana kwa macho. Zimekusanywa 46, thabiti ni 31.

Alhamisi, 27 Machi

Mwinuko. Nilipakua modeli mbili za miinuko. SRTM ilikusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga kwa siku 11, Februari 2000, yaani kabla ya mafuriko yote tunayoyazungumzia. Copernicus imetokana na rada za 2011 hadi 2015, kwa hiyo ndani yake kuna mto wa kabla na wa baada ya 2013 vimechanganyika. Pikseli zote ni mita 30, na kosa la kimo ni mita kadhaa. Mlimani zinatosha: nimechora bonde lote la Nyamwamba, na inaonekana wazi jinsi maji yanavyoshuka kutoka zaidi ya mita 4,000 hadi 1,000 hivi kwa mwendo mfupi sana. Lakini kwenye tambarare yetu, tofauti kati ya nyumba kavu na nyumba iliyojaa maji ni mita moja na nusu. Modeli hizi haziioni.

Nilikuwa na ramani ya rangi nzuri ya mafuriko iliyotoka kwenye SRTM, ya bluu inayofifia. Nimeifuta kwenye mradi. Ingetoka kwenye projekta watu wangeiamini.

Ijumaa, 4 Aprili

Baada ya Idi tumerudi na mashine ya kupimia usawa na rula ndefu. Tumekata mistari mitatu kutoka barabarani mpaka ukingo wa maji, tukisoma kimo kila baada ya mita kumi. Mvua ilitushika mara mbili.

Matokeo nimeyapitia mara tatu kabla ya kuyaandika. Sakafu ya bonde lile la majani, katikati ya kiwanja, iko chini kuliko ukingo wa sasa wa mto kwa sentimita 80. Mto umekuwa ukimwaga mawe na changarawe kwenye kitanda chake kila mafuriko, na kitanda kimepanda, hadi mto umekaa juu kuliko ardhi iliyo kando yake. Ukivunja ukingo, hauna sababu ya kurudi mkondoni. Utaifuata njia ya chini, na njia hiyo inapita palipochorwa soko.

Mzee alikuwa ameshatuambia kwa maneno. Sasa yako kwenye namba.

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya dawati. Nyumba zimeshachorwa, njia za miguu pia, na vikundi vitatu vya makaburi. Makaburi tumeyaweka kwenye tabaka lake, na kwenye ramani ya hadharani yataonekana kama eneo la kuheshimiwa tu, bila jina la ukoo. Nimerekebisha poligoni zilizopandana na mapengo kati yake.

Hesabu ya mwisho: mita 30 kutoka maji ya leo zinachukua hekta moja na nusu. Mita 30 kutoka alama ya juu kabisa, tukiunganisha alama thabiti na mikato yetu mitatu, zinachukua hekta 11 pamoja na eneo lililofurika lenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Kikao na wenye mradi. Walituhesabia hekta walizopoteza, na nawaelewa: fedha zimeshatoka, na mchoro wa viwanja ulikuwa tayari kichwani mwao. Mmoja aliuliza kama sisi ni wapimaji au ni wakusanyaji wa hadithi za wazee. Nilimjibu kwamba kila alama iliyochorwa kwa mstari mzito naweza kumpeleka akaishike kwa mkono. Akasema twende.

Tulikwenda wote, viatu vya ofisini na vyote. Mpimaji alisimamisha rula kwenye sakafu ya bonde, nami nikasimama na mashine ukingoni mwa mto. Nilimwomba yule bwana aangalie mwenyewe kwenye lenzi na asome namba, kisha asome ile ya ukingoni. Alisoma, akatoa simu, akakokotoa, akanyamaza kwa muda. Halafu akamwuliza kijana wetu maji yalikaa hapa siku ngapi.

Hawajakubali kila kitu. Waliomba ramani mbili, moja bila tabaka la mafuriko. Tumekataa hiyo. Tulichokubaliana ni ramani moja yenye mistari yote: mto wa ramani ya zamani, mto wa leo, na alama ya juu kabisa, kila mmoja na mwaka wake. Soko litasogezwa upande wa barabara. Kwa zile hekta 11 tumependekeza uwanja wa mpira, miti na malisho, bila ukuta wala msingi wowote, na hilo wamelichukua kwenda kulijadili.

Jumatano, 16 Aprili

Ramani imechapwa kwa skeli ya 1:1,000, karatasi ya A1, na imebandikwa kwenye baraza ya mwenyekiti wa LC1. Tangu mchana watu hawajaisha. Wanaanza na nyumba zao, kisha njia ya shuleni, kisha wanafika mtoni na hapo ndipo maneno yanapozidi. Mtoto mmoja alisoma majina kwa sauti kwa ajili ya nyanya yake, kila jina mara mbili.

Yule mama wa mihogo alikuja jioni. Aliutafuta mto wa leo kwa kidole, akauvuka, akasogea polepole mpaka akagusa sehemu ya changarawe. "Shamba lilikuwa hapa." Kidole chake kilikuwa karibu na jiwe la sita, moja ya yale mawili tuliyoyapata kwenye hati tu.

Nilimshukuru, wasingya, mama. Lakini hakuwa amemaliza. Alirudi kuitazama ramani yote kutoka mwanzo, akauliza chemchemi iko wapi, ile iliyo chini ya mtini, ambayo nyumba kumi na zaidi zinachota maji. Tulitazamana mimi na kijana. Haikuwepo. Tulikuwa tumepita karibu nayo siku zile nne tukitafuta alama za mafuriko tu.

Kesho saa moja asubuhi atatupeleka. Nimeshachaji simu zote mbili.